Filamu ya Majambazi, Sauti ya Nestori

Mpanda, Jumapili, Agosti 1996

Damu ipo nyingi, sikatai. Majambazi wanauana mwanzo hadi mwisho. Lakini wazazi walionituma kwenye banda la video, niamue kama filamu ile inawafaa vijana wetu, hawakuniambia kuhusu Nestori.

Anasimama pembeni ya runinga na kipaza sauti, anatafsiri. Jambazi akichomoa bastola, yeye anasema, "Mama yake alimwambia asome, akakataa. Mwoneni sasa!" Neema wangu yuko mbele kabisa, mdomo wazi.

Neema huyu huyu! Mimi nikianza hadithi jioni, ananiambia ana usingizi.

Tulipotoka akanishika mkono. "Mama, si umemsikia? Anko Nestori anatufundisha."

Nimemsikia. Nikaona wivu.

Wazazi walikuwa wananisubiri nje. Nikawaambia haifai, damu tupu. Wakaniamini, si mimi ni mwalimu?

Neema amenuna. Baada ya kula nikajaribu kumsimulia ile ya fisi na sungura. Akanigeuzia mgongo.

Hapo ndipo nikajishtukia: nilikuwa naiga sauti ya Nestori.