Kufuli Zima, Kahawa Haipo

Sifaeli, nimetoka sasa hivi kwa Mzee Avtar, Daraja Mbili. Natamani ardhi inimeze.

Lile kufuli nililomfungia kwenye milango ya trela liko zima kabisa. Magunia ya kahawa hayapo.

Mzee akamgeukia Mika, dereva wake. "Ufunguo unao wewe peke yako. Nani mwingine?" Mika akaapa kwa jina la mama yake. Watu wakaanza kumwita mwizi.

Mimi nikanyamaza, kwa sababu nilishaona. Chuma kinachoshika kufuli nilikifunga kwa bolti, na nati nikaziweka nje. Nje, Sifaeli! Mimi ninayekagua kazi yangu mpaka wateja wanachoka. Nati zilikuwa na mikwaruzo mipya. Wezi walizifungua, wakabeba mzigo, wakazirudisha.

Nikanyamaza mpaka watu walipomshika Mika mkono wampeleke polisi. Ndipo nikachukua spana, nikafungua nati, mlango ukaachia. Kufuli sijaligusa.

Mzee akasema tu, "Fundi, na mimi nilivyokuwa nakusifia."

Hilo ningelivumilia. Ila Mika aliniuliza taratibu, "Kaka, uliziona saa ngapi?"

Nimeondoka na spana mkononi.