Komeo la Lango la Burat

Jumatatu, 6 Machi 1967

Mwezi wa saba katika kambi hii ya vijana. Serikali inatulisha, inatuvika kaptula za kaki, inatufundisha useremala bure — na getini kuna askari. Kutoka ni kwa pasi. Mimi Mborana, pasi labda niiote! Ntongai, Mmeru, tunalala kitanda cha juu na cha chini. Jana ameenda sokoni, akaniletea chapati. Nimeila huku nimemnunia.

Mwalimu Kiogora ametangaza mtihani wa Gredi ya Tatu. Anayefaulu anapata cheti na kazi kwenye karakana Embu. Anayeshindwa anarudi kwao. Kwao! Kwetu sasa ni kile kijiji cha Burat kilichozungushwa miiba. Serikali imemhamishia Mama humo tangu Oktoba, kisa waasi wa shifta wasipate chakula kwetu. Sijamwona tena. Lazima nifaulu.

Jumatano, 8 Machi

Kazi za mtihani zimegawanywa. Ntongai, meza ya ofisi. Mimi, lango. Nikauliza la wapi. Mwalimu akajifanya anasafisha randa. La kijiji cha Burat, akasema, lile la zamani limeliwa na mchwa.

Nikaomba meza. Akasema karatasi imeshaandikwa, hawezi kubadilisha.

"Fanya kazi, Denge. Mbao haiulizi inaenda wapi."

Rahisi kwake!

Jumapili, 12 Machi

Napiga randa tangu Alhamisi. Aibu yangu ni hii: linapendeza. Viungo vimeshikana, hata wembe haupiti. Nilifurahi, halafu nikajichukia kwa kufurahi. Nimemalizia kwa kufunga komeo.

Alhamisi, 16 Machi

Mkaguzi amekuja kutoka Nairobi. Akapima, akagonga, akasema kazi safi. Kisha akaanza kucheka. Komeo nimelifunga upande wa ndani!

Wallahi sikufikiria. Mchoro haukuonyesha, mkono ukafanya unavyojua. Kwetu boma linafungwa na anayelala ndani. Marehemu baba alikuwa anaingiza ng'ombe, anaingia yeye wa mwisho, anavuta miiba nyuma yake. Nani amewahi kufungiwa boma lake kutoka nje?

"Kijana, hii itafungwa na askari," akasema. "Si nyinyi."

Karakana nzima ikacheka. Ntongai hakucheka. Alama hazikuandikwa. Jumamosi lango linatundikwa Burat, na komeo nilihamishe huko huko, mbele ya mkaguzi. Nikilihamisha, cheti. Nikikataa, nibaki kijijini, lori lirudi bila mimi.

Ijumaa, 17 Machi

Sikula. Nimewaza kutoroka — niende wapi? Porini nitaitwa shifta, nipigwe risasi kabla sijafungua mdomo. Ntongai amejitolea kulihamisha yeye. Mwalimu amekataa, eti mtihani ni wa mtu mmoja. Nina hasira na watu wote, hata yeye aliyejitolea.

Jumamosi, 18 Machi

Burat. Naandika nimejibanza kando ya lori. Mkaguzi anakunywa chai na wakubwa.

Lango limetundikwa. Linafunguka kwa kidole kimoja. Nilipokuwa ndani natoa komeo, mama akaja. Amekonda, Mungu wangu! Tukasema salaam aleikum tu, kisha askari akafoka tuongee Kiswahili asikie.

Mama akapapasa mbao. "Hii umetengeneza wewe? Na mkono yako?"

Nikaitikia. Akageuka akawaita majirani zake waje waone kazi ya mtoto wake. Anajivunia! Wanawake sita wakasimama wanasifu lango, na mimi natamani ardhi inimeze. Nikamwambia ukweli wote: komeo linaenda nje, ndiyo bei ya cheti, na nikikataa nabaki hapa naye.

Akaondoa mkono kwenye mbao.

"Weka nje," akasema. "Mtu moja yetu akae nje."

Nikatoka. Lakini lango likawa linacheza kila nikitoboa. Mama akalisukuma mwenyewe likafungika, akaliegemea kwa bega kutoka ndani ili litulie. Skrubu tatu zimeingia. Ya nne nimeshindwa kuitia. Nimemdanganya askari natafuta bisibisi nyingine kwenye lori.

Bisibisi ninayo mfukoni. Mkaguzi ameweka kikombe chini, anakuja. Mama bado ameliegemea lango, ananiita nifanye haraka, bega linamuuma —