Bibi Asiyependa Upepo

Cabo do Zimbral,
Alhamisi asubuhi

Mdogo wangu Graciete,

Pokea salamu zangu kabla ya habari zangu, maana salamu hazina kosa. Macho yanaendeleaje? Matone unatia, au unamwachia Zulmira ayamwage shavuni? Na yule kuku mweusi amerudi kutaga, au bado ananuna? Mimi mzima. Magoti yanalia kama bawaba, lakini yananifikisha. Mwanangu Adelino anakusalimu, na mjukuu wetu Noémia ndiye anayeandika. Mimi nasema, yeye anaandika.

Na wewe Zulmira, jirani yangu, unayemsomea kwa kuwa yeye haoni tena, ahsante. Ila shika sharti moja: soma kila neno, hata likikuchoma ulimi. Usiruke.

Hili gari-nyumba ulilolicheka siku tunaondoka lina jiko, vitanda, na choo ambacho ukikaa magoti yanagonga mlango. Adelino akikata kona sufuria zinapigana. Nimemwambia mtu mzima wa miaka hamsini na minne anaendesha kama kabeba viazi. Akanijibu kwamba viazi huwa havimpigii kelele. Kinywa hicho hakukipata kwa baba yake.

Unajua sikuja kutembea. Nilisema tangu siku ya maziko ya Belmiro kwamba nitapita kila mnara wa taa mume wangu aliolinda, na kofia yake nimeipakata tangu tuondoke Viana. Tumeteremka na pwani mji kwa mji. Figueira tulikula sadini za kuchoma hadi Noémia akalegeza mkanda. Peniche upepo uliniibia kitambaa cha kichwa, na mpaka leo kinaelea huko na samaki wake.

Lakini penye mnara wa kwanza tu niliona jambo. Chini yake palikuwa na nyumba. Si kibanda, Graciete. Nyumba nne zimepangwa mstari, kila moja na bomba lake la moshi, na nyuma yake birika la kufulia lenye jiwe lililolika kwa kusuguliwa. Mnara wa pili vilevile. Wa tatu nikamwuliza Adelino ni wanaume gani hao waliokuwa wakifua mpaka jiwe likalika. Akaniambia, Mama, hizi ni za familia. Walinzi walikaa hapa na wake zao na watoto.

Nikamwambia ananitania. Maana wewe ulinisomea barua yake kwa mdomo wako, mimi nikimenya viazi, kwamba Belmiro anasema minarani mwanamke hana pa kulaza ubavu, na nisimsumbue kwa hilo hata akija likizo.

Jana tukafika hapa Zimbral, alipokaa miaka tisa. Kijijini chini ya mnara yupo ajuza mmoja, Idalina, mjane wa mlinzi mwenzake. Noémia alipomtajia jina la babu yake, akatoka na fimbo, akanipima kuanzia viatu hadi kichwa. Akasema, kumbe ndiye wewe, Bibi Asiyependa Upepo! Tumekungoja tukazeeka, leo ndio umeiona njia? Nikamwambia mimi binti wa mvuvi, upepo umenilea, nani kasema siupendi? Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki, akavuta kiti.

Akanieleza kwamba kila majira ya kuchipua, kabla mkaguzi hajapita, walinzi wote walipaka chokaa kuta za nje, ndiyo sheria. Belmiro peke yake alipaka na za ndani. Walimtania kwamba mkaguzi hataingia chumbani kwako, akawajibu mke wangu huenda akaja kiangazi hiki. Alipanda kabichi safu mbili nyuma ya ukuta, upepo usikofika. Halafu inakuja barua kutoka nyumbani, anaisoma amesimama, na safu moja anampa Idalina. Wakimwuliza, anasema mke wangu hapendi upepo. Miaka tisa, Graciete, safu moja ya kabichi.

Nilirudi garini nikalitoa kopo la biskuti lenye barua zake. Ndiyo, nimekuja nalo. Miaka yote sikumpa mtu mwingine azisome, maana mama alitulea kwamba barua ya mume haisomwi na mtoto, na wewe hukuacha kunikumbusha. Wala hukuhitaji kuzichoma. Kwa asiyejua kusoma, barua iliyofungwa na iliyofunguliwa ni moja.

Noémia akasoma. Akafika mahali akaniuliza, Bibi, niache? Nikamwambia soma, mimi si yai. Zulmira, nawe soma polepole hapa, ni maneno yake:

"Njoo, Deolinda. Vyumba ni viwili, dirisha moja latazama bahari, jingine latazama kabichi. Njoo na mtoto. Mama na Graciete waje pia, nafasi ipo."

Na katika nyingine: "Nimesikia ulivyosema. Sitaligusa tena jambo hili, hata nikija nyumbani. Usinikasirikie."

Mimi nilisema nini, Graciete? Mimi niliyekwambia umwandikie kwamba nimemkosa, kwamba mtoto kaota jino?

Nilikaa nikatafuta sababu yako, na niliipata upesi kwa sababu nakujua. Mama alikuwa kitandani hanyanyuki, na uliogopa kuachwa naye peke yako. Mjinga wewe! Ungeniambia ningekuzaba kofi moja la nguvu, kisha ningekubeba pamoja na mama na kitanda chake. Mume wangu alikwisha kukutengea nafasi. Uliisoma kwa macho yako yalipokuwa mazima, ukaimeza.

Sasa niseme la kwangu, ambalo sijamwambia hata padri. Januari, siku nne kabla hajafa, Belmiro aliniomba nimlete hapa mara moja tu. Nami kwa uchungu wa miaka yote hiyo, nikidhani ni yeye aliyenifungia mlango, nikamwambia: mimi na mnara wako hatujuani, mwombe anayeujua. Akageukia ukuta. Hakuniomba tena kitu, hata maji. Ulimi ule ni wangu, sikutupii wewe. Lakini mbegu yake ulipanda wewe, mezani pangu, ukila mkate wangu.

Kofia nimeiacha kwa Idalina. Ameitundika penye dirisha linalotazama mnara.

Narudi Jumapili. Usihangaike kufunga nguo, sikufukuzi. Kipofu wangu ni wangu. Supu nitapika, matone nitakutia mimi mwenyewe. Ila kila siku tukikaa kula utanieleza barua moja, moja tu, katika zile ulizomwandikia mume wangu kwa jina langu. Maneno yake ninayo koponi. Yangu hayupo mwingine duniani anayeyajua, na sitaki kufa kabla sijajua nilimwambia nini.

Barua hii Noémia amenisomea mara mbili, kisha nikampa Adelino anisomee bila bintiye kuwapo. Yamelingana. Usicheke, ni wewe uliyenifundisha.

Wasalimie majirani, na kuku mweusi umwambie nakuja na kisu kama hajataga. Vaa soksi, sakafu ya jiko ina baridi.

Jina hapa chini nimeliandika mwenyewe, Noémia kanionyesha. Zulmira, mwambie limepinda, lakini ni mkono wangu. Kisha rudi pale penye "Njoo, Deolinda", umsomee tena.

Dada yako,

Deolinda