Kwa Horace Tranter, Aliyetuachia Pikipiki Chumba cha Mbele

Mwaka umetimia, Horace, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka, na bado nachemsha chai ya watu wawili.

Watu wa Willenhall wanakukumbuka kwa mikono yako. Miaka thelathini na minne kwenye kiwanda cha kufuli, hukuchelewa hata siku moja. Majirani walikuletea mashine zao za kukatia nyasi, ukazitengeneza na kukataa malipo, ila kipande cha keki hukukikataa kamwe. Ulikuwa mwema, mume wangu. Ulikuwa mbishi pia, na wanaosoma kumbukumbu hii gazetini wanajua.

Ile pikipiki yako aina ya Ardley, ya mwaka 1937, uliiingiza chumba cha mbele kabla hatujapata mtoto, na humo ikabaki. Zilitengenezwa ishirini na mbili tu, ulisema. Ukaitandikia magazeti yanyonye mafuta. Kila nikishika kitambaa unafoka, "Usiiguse, Enid." Sababu hukunipa. Wageni wetu wote, hata mchungaji, walinywea chai jikoni.

Hospitalini ukanishika mkono. "Ile ndiyo pensheni yako. Iuze, ununue nyumba isiyo na ngazi." Uliyajua magoti yangu. Na nyumba nilishaiona, kule Rhyl, karibu na dada yangu Olwen, dirisha linatazama bahari.

Basi nikafanya kama mtu yeyote mwenye kitu cha kuuza: nikakisafisha. Siku tatu nzima, mimi na mkwe wetu Clive tulisugua kutu kwa msasa, tukalipaka tangi rangi nyeusi hadi nikauona uso wangu. Nilijivunia, Horace. Nilisema laiti ungeiona.

Bwana Pargeter, mkusanyaji wa pikipiki za zamani ambaye tulishakubaliana bei kwa simu, alikuja kutoka mbali akiwa na gari la kuibebea. Alipoiona akakaa kwenye ngazi, kofia mkononi.

"Mama," akasema, "mimi nilikuja kununua ile kutu."

Akanieleza taratibu. Zilizong'arishwa zipo, lakini yenye rangi yake ya kiwandani ilikuwa imebaki hiyo moja tu. Bei aliyoitaja sasa haikufika robo ya ile ya kwenye simu. Uchafu ule ndio uliokuwa nyumba yangu, nami niliumwaga na maji ya ndoo.

Nilimkatalia. Kwa robo ile nisingeipata Rhyl, na wewe nisingebaki nawe. Nyumba ya dirisha la bahari wameichukua wengine.

Hasira ninayo, sifichi. Miaka hamsini, na neno moja tu lilikushinda kuniambia.

Ngazi sipandi tena. Clive amenitandikia kitanda chumba cha mbele, kati ya ukuta na gurudumu, na kila nikiamka najigonga mguu kwenye pedali.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Enid, binti yako Gwyneth, mumewe Clive ambaye hadi leo hanitazami usoni, na shemeji yako Olwen. Kukusahau hatuwezi, Horace, hata tukitaka. Umenizibia njia ya mlango.