Kwa Nini Majaribio Hayajaisha

Butimba, Mwanza

Mpendwa Baba Upendo,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na ile homa imekwisha kabisa. Wasiwasi wangu ni ninyi. Mguu wa mama umepata nafuu? Na Upendo bado anakohoa alfajiri? Usimpeleke shambani kwenye umande hata akilia kukufuata. Nasikia kahawa imezaa sana huko Mbinga mwaka huu. Nafurahi, ingawa najua mikono ya kuchuma ni michache bila mimi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, tukifika kwenye suala la kurudi, wewe unanyamaza na mimi naanza kusema haraka haraka. Safari hii nisikilize mpaka mwisho.

Umesikia kwamba kazi yetu ya majaribio imeisha na wenzangu wamerudi makwao. Ni kweli. Mimi nimebaki kwa kutaka mwenyewe. Sikulazimishwa, na hakuna kitu kingine kilichonishika huku.

Ile programu ya simu tunayoipima ni ya wauza dagaa. Mtu anaandika mali yake, mnunuzi wa mbali anaiona na kuagiza bila dalali. Kumbukumbu hazikai kwenye ofisi moja. Zinatunzwa kwenye mashine za watu wengi, ili asitokee mkubwa mmoja wa kuzifuta au kuzigeuza. Ndiyo sifa yake. Lakini kila mtu anabeba ufunguo wake mwenyewe, yaani maneno kumi na mawili ya siri. Ukiyapoteza, hakuna wa kukurudishia.

Tulipimia Busisi, kwa akina mama waliokuwa wakiuza chakula kwenye foleni ya kivuko. Tangu daraja lifunguliwe magari yanapita tu, nao wamehamia kwenye dagaa. Tuliwapa simu zetu, tukiwa tumeshawaandikisha na maneno ya siri tumeyatunza sisi. Wakabonyeza, wakauza, wakafurahi. Msimamizi wetu, Deus, akaandika kwamba programu ni rahisi.

Siku ya kuagana, Mama Kulwa, yule anayeniwekea sato kila nikienda, aliniomba nikae naye aiweke programu kwenye simu yake. Sikumwelekeza; nilitaka kuona. Maneno yalipotokea, yote ya Kiingereza, akayapiga picha na kuituma kwenye kundi la kwaya yao.

"Mama, mbona umeyatuma?" nikamuuliza.

"Wenzangu watanitunzia. Simu yangu ikizama ziwani, nitawauliza."

"Sasa yeyote aliye kwenye kundi anaweza kuingia na kuuza dagaa wako kwa jina lako."

Akashtuka. "Basi piga ofisini wabadilishe."

"Hakuna ofisi, mama."

"Hakuna ofisi? Sasa wewe umetumwa na nani?"

Nikamsaidia kuiacha akaunti ile kabla hajaweka kitu, lakini njia nzima ya kurudi mjini moyo haukutulia.

Kesho yake nikamwambia Deus kwamba hatujamaliza. Deus si mtu mbaya, Baba Upendo, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema kujiunga ni suala la mafunzo, si la majaribio. Tukivichanganya, mtu akishindwa kuuza hatutajua kama kilichomshinda ni kuuza au ni uchovu wa kujiunga.

"Hata benki," akasema, "wanakufungulia akaunti dirishani kwanza, ndipo utumie simu."

"Benki wana dirisha," nikamjibu. "Ukikosea unarudi pale na kitambulisho. Sisi tunajisifu kwamba hatuna dirisha. Basi kujiunga ndiyo programu yenyewe. Tuwagawe watu: wengine tuwape simu zilizo tayari, wengine waanze wenyewe na simu zao. Hapo tutajua kipi kinawashinda."

Akasema, "Mikataba imeisha. Nani atabaki kuifanya hiyo kazi?"

Nikasema mimi. Begi nilikuwa nimeshalifunga, na zawadi ya Upendo imo ndani.

Nikarudi Busisi. Ilikuwa aibu tupu. Walioanza wenyewe, wengi hawakufika hata kwenye kuuza. Mmoja aliyaruka yale maneno akidhani ni tangazo. Mwingine, muuza nyavu, aliifuta programu mbele yangu. "Anayekuambia mapema kwamba ukipata shida hatakusaidia, huyo ni tapeli," akasema. Nikamwita Deus aje aone mwenyewe. Alishinda kwenye benchi kutwa nzima akiwatazama, na tuliporudi akawaandikia wakubwa kwamba programu isitolewe kwanza.

Tangu hapo tunaitengeneza upya. Maneno sasa ni ya Kiswahili. Kubwa zaidi, unachagua watu wako watatu. Ukipoteza ufunguo, wawili wakikubali kwa pamoja unarudishiwa akaunti, lakini hakuna mmoja wao anayeweza kuigusa peke yake. Hilo limetokana na ile picha ya kwaya. Mama Kulwa hakukosea kuwaamini wenzake. Sisi ndio hatukumpa namna ya kuwaamini bila kujiumiza. Juzi alijaribu tena na akafika mwisho bila kuniuliza kitu. Wifi yake alikuwa amekaa pembeni akitegemea kuchaguliwa. Akamruka! Tulicheka sana, ila wifi alinuna.

Bado kuna wanaokwama, hasa wenye simu za zamani. Nitabaki mpaka nao wapite. Ningeweza kuja na sifa ya kazi niliyojua haijaisha, tukachuma kahawa pamoja, lakini kila nikimkumbuka Mama Kulwa ningejiona mwongo. Najua umekasirika. Kasirika, ila usiseme nimewasahau. Shule zikifungwa njooni ninyi. Chumba changu ni kidogo, tutabanana.

Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie dawa ya kuchua namtumia. Msalimie shemeji anayekusaidia kupalilia, na mwalimu wa Upendo, namshukuru kwa uvumilivu wake. Upendo mwenyewe akiuliza nakuja lini, usimwambie "karibuni", ameshalichoka neno hilo. Mwambie mama yake alianza kazi na anaimaliza.

Wako daima, hata ukinuna,
Mama Upendo