Mazingaombwe ya Shemeji Yako

Naipingo

Kaka Faridi,

Salamu zako za Ruangwa zimefika. Huku ufuta umetoka vizuri. Baba amerudishwa nyumbani; madaktari wamesema lile donge la shingoni hawaliwezi tena.

Jana alasiri mume wangu Seleman alimfanyia baba mazingaombwe anayofanyaga mashuleni. Alimeza kitambaa chekundu, akakitoa kwenye kanga ya mama. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba akatabasamu, kisha akauliza kwa taabu, "Mkwe, na hili donge huwezi kulipoteza?"

"Hilo siliwezi, baba."

"Basi rudia la kitambaa. Mama yenu acheke."

Akarudia huku machozi yanamtoka, na mama akajilazimisha kucheka.

Njoo, kaka. Usingoje msimu wa korosho.

Mdogo wako,
Swaumu