Suruali ya Mpira ya Shemeji

Jumamosi

Kwani mto unajua vyeo? Kule dukani Kawempe nilimwambia shemeji, mume wa dada yangu, achuchumae kwanza kuijaribu suruali ya mpira ya kuvulia samaki. "Mimi afande mzima nichuchumae mbele ya raia?" Akachagua ya kubana, eti inaficha kitambi. Yangu, pana na nzito, akaiita gunia.

Leo mtoni aliinama kunasua ndoano, yake ikapasuka matakoni. Maji yakajaa miguuni, mkondo ukamwangusha. Afande akamwita mama yake! Nikamburuta hadi ukingoni kwa kanda za mabegani.

Jioni akamsimulia dada jinsi alivyoniokoa mimi.

"Kaka, umemshukuru lakini?" dada akauliza, machozi yakimlenga.

Na mimi, bwege, nikamshukuru.